Njiwa wa Hamidi na Mvutavipepeo Wangu

Jumamosi, 1 Februari
Mke wangu Faith kaenda Nanganga kumhudumia mdogo wake aliyejifungua. Wiki tatu! Kaniachia miche thelathini ya michungwa kwenye viriba. Ni ya akina mama wa parokia, wataipanda kuzunguka kanisa. Amri zake: mwagilia asubuhi na jioni, usibuni chochote. Nikamsindikiza. Njiani akasimama kwa jirani Hamidi kunusa mawaridi. Akanusa sana! Kwangu hajawahi kusimama kunusa kitu. Imeniuma.

Jumanne, 4 Februari
Nimebuni. Nimekwenda Nachingwea, nimerudi kwa bodaboda nimekumbatia ndoo yenye kichaka kinachonifika kifuani. Muuza maua anakiita mvutavipepeo. Mashada ya zambarau, harufu kama asali. Dereva alipiga chafya mpaka Nkowe. Nimekipanda mlangoni, kando ya miche. Faith akirudi atanusa mpaka asahau kuingia ndani.

Ijumaa, 7 Februari
Vipepeo! Wakubwa, weusi, madoa ya manjano. Hamidi kachungulia juu ya uzio mara mbili. Nikajifanya sikumwona. Wakishiba maua wanahamia kwenye miche, wanagusa jani moja moja. Nadhani wanapumzika.

Alhamisi, 13 Februari
Vinyesi vya ndege kwenye majani ya miche! Vidogo, vyeusi, na mabaka meupe. Nani anafuga njiwa hapa? Hamidi. Wivu huo! Nimemwambia awafungie. Kasema njiwa wake wana adabu, ila kwa ujirani mwema atawafungia.

Jumapili, 16 Februari
Njiwa wako ndani siku ya tatu. Vinyesi vimeongezeka. Tena vimenenepa! Nimemwambia Hamidi wazi kwamba anawafungulia alfajiri. Kasema ataniombea dua.

Jumatatu, 17 Februari
Nimemleta mjumbe wetu, Bi Mwanne, aone ushahidi. Kainama, kachukua kijiti, kagusa kinyesi. Kinyesi kikainua kichwa, kikatoa pembe mbili nyekundu! Niliruka nyuma, nikamkanyaga Hamidi.
“Rogath,” akasema Bi Mwanne, “hiki kinyesi kina miguu.”
Viwavi. Vipepeo wangu wametaga kwenye michungwa. Hamidi alicheka mpaka akakaa chini. Njiwa wakaachiliwa mbele ya mashahidi. Bi Mwanne kaagiza niokote viwavi wote na kuihamishia miche nyuma ya jiko. Nimeokota kumi na mmoja, mgongo ukakataa. Na miche ikikaa nyuma ya jiko, nani ataona nilivyoitunza? Nimeiacha palepale.

Alhamisi, 20 Februari
Viwavi sasa ni wa kijani, wanene kama kidole changu. Miche imebaki vijiti. Nimevimwagilia vijiti asubuhi na jioni. Amri ni amri.

Jumamosi, 22 Februari
Faith karudi. Kasimama mlangoni, kafumba macho, kanusa. Muda mrefu! Kuliko kwa Hamidi! Moyo wangu ulijaa. Kisha akafumbua macho.
“Baba Teddy, hivi ni nini?”
Nikasema ni michungwa, imepumzika. Akaenda moja kwa moja kwa Hamidi. Niliwaona juu ya uzio: Hamidi akimwonyesha nilivyoruka, vidole viwili kichwani kama pembe. Faith karudi kaniamuru nikaombe radhi. Nimeomba. Hamidi kanipa miche kumi ya ndimu kwa ajili ya akina mama, na hakucheka mpaka nilipofika barabarani. Mtu mwema. Imeniuma zaidi.

Jumapili, 23 Februari
Faith haongei nami. Lakini asubuhi nimemkuta pua yake imezama kwenye shada, akadhani sioni.
Nimefikiri misa nzima, na kosa nimelipata. Kichaka kilikuwa kimoja tu! Vipepeo walimaliza maua, wakakosa kazi, wakaanza kuzaa. Vikiwa vinne watashinda wananusa, hawatapata nafasi ya kutaga. Nimekata vipandikizi vitatu. Kesho, Faith akienda kisimani, navipanda kuizunguka miche ya ndimu.