Makengeza ya Paskalina

Jumatatu, 1 Julai 1974. Mafinga.
Leo nimeona maajabu! Mgeni wa Kijapani aliyekuja kutazama mbao ameacha kalenda kiwandani. Picha ya mwigizaji wao wa jukwaani. Macho makengeza, mdomo umeshuka, vidole vimetanuka. Ukimwangalia unarudi nyuma! Meneja anasema uso ule ulichongwa kwanza kwenye ubao, ukapakwa wino, ukagandamizwa karatasini. Ubao! Na mimi Edmund ni seremala. Yamekwisha.

Paskalina anaigiza mke wa mlevi kwenye igizo la Saba Saba. Picha yake ya tangazo ataichagua mwenyewe. Silvester, mchora vibao vya maduka, naye anamchora. Naye pia anamtaka. Tutaona!

Jumatano, 3 Julai.
Nimekwenda mazoezini. Pale anapommwagia mume pombe, Mungu wangu, macho yanakutana puani! Meneja alisema Wajapani huchora kilele cha igizo, siyo tabasamu. Nimechonga mpaka kiganja kimevimba. Paini ina mafundo. Moja limeangukia puani, patasi imegoma. Nimeliacha. Nani atatazama pua penye macho kama yale?

Ijumaa, 5 Julai.
Masizi ya sufuria na gundi ndio wino wangu, mgongo wa kijiko wa kusugulia. Nimebandua karatasi, nikapiga kelele. Anaishi! Fundo la puani limetokea kama chunjua nyeusi, lakini linampa heshima. Silvester amechungulia, akauliza kama huyo ndiye mlevi. Wivu tu! Yeye kamchora anatabasamu kama mama wa kwenye kopo la mafuta.

Jumapili, 7 Julai.
Paskalina ameitazama. Akaniuliza amenikosea nini. Nikamweleza kwa upole kwamba huko Japani waigizaji wakubwa wote wana makengeza. Akaichana mbele ya kikundi kizima! Akasema nisimsalimie tena, hata kanisani. Imebandikwa ya Silvester. Wameondoka na lori kwenda kuigiza Iringa, Paskalina amekaa ubavuni kwa Silvester. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 15 Julai.
Shangazi yake Paskalina, mama Verediana, amepita kunipa pole. Silvester ameleta mshenga, amekubaliwa. Nimelia, nikanawa uso.

Halafu nikamkumbuka Paskalina anavyoichana ile karatasi. Macho yale! Vidole vile! Hata Mjapani hajapata uso kama ule. Nimeshachagua ubao mpana, una mafundo mawili tu. Picha hiyo itakuwa zawadi yao ya harusi, waitundike sebuleni. Paskalina akiiona atalia kwa furaha.