Mafuta ya Kondoo kwenye Cheni ya Baba Sinyati

Jumanne, 8 Julai

Mwanangu Sinyati ametoka kuingiza kijiko cha uji kwenye bomba la moshi la pikipiki. Kikapotelea humo! Nimekitoa kwa waya. Uji umebaki. Ana mwaka na nusu tu, tayari fundi.

Pikipiki yenyewe ni kubwa kama ng'ombe, ya safari ndefu, imeshatumika sana. Mgeni aliyekuja nayo alivunjika mguu Mlima Meru, mume wangu Eliamini, aliyekuwa akimwongoza, akamteremsha mgongoni. Mgeni akarudi kwao kwa ndege, pikipiki akamwachia na kadi yake. Tangu hapo imelala uani kwetu Daraja Mbili, na Eliamini yuko Dodoma analinda geti la watu. Akija likizo Sinyati anamkimbia, analia kama kaona mwizi. Moyo unaniuma.

Sasa kuna kampuni ya utalii inatafuta mwongoza wageni mwenye pikipiki yake kubwa. Mkaguzi wao, Mzee Elinami, anakuja Jumamosi. Ikipita, Eliamini anarudi nyumbani. Isipopita, Dodoma tena.

Eliamini kapiga simu. Anasema baridi ya Julai inaua pikipiki iliyolala, iangaliwe betri, cheni na breki, nimwite fundi Ebenezer. Nimeitikia ndiyo. Simwiti ng'o! Ebenezer ndiye anatengeneza pikipiki ya mume wa Anneth, jirani yangu, na wao wanaitaka nafasi hiyo hiyo. Siri zangu zitavuka ukuta kabla chai haijapoa. Nitafanya mwenyewe. Darasa la saba nilimaliza, kupaka mafuta kutanishinda?

Jumatano, 9 Julai

Mlima haujaonekana tangu Jumapili, ni ukungu tu. Jana jioni nilifungua betri ili isilale kwenye baridi. Nzito! Na mikononi nina Sinyati. Nikaifunga mgongoni kwa kanga. Anneth akachungulia juu ya ukuta: "Hongera Mama Sinyati! Umepata wa pili? Kafanana na nani?" Nikamjibu kafanana na baba yake. Nikaingia ndani nikaona aibu peke yangu.

Betri ikalala kitandani kwetu, chini ya blanketi. Leo asubuhi blanketi lina tundu la kupita kichwa. Kumbe betri inakojoa, na mkojo wake unakula nguo! Namshukuru Mungu Sinyati alilala upande wa ukutani. Blanketi ndilo hilo moja.

Alhamisi, 10 Julai

Leo cheni. Eliamini alisema ipakwe mafuta yanayostahimili baridi. Nimewaza sana. Nikakumbuka lile kopo chini ya kitanda.

Nilipojifungua, mama mkwe wangu, Yeyo, alishuka kutoka Oldonyo Sambu na mafuta ya kondoo, ninywe nipate nguvu. Nilishindwa. Harufu! Nikamwambia nimeyamaliza, hata kopo nimelamba. Yako pale pale mpaka leo.

Sasa kondoo wa Oldonyo Sambu analala nje mwaka mzima na hatetemeki. Mafuta gani mengine yanaijua baridi kuliko hayo? Nikayayeyusha jikoni, nikamimina kwenye cheni yote. Inang'aa! Gurudumu linazunguka bila sauti. Yaliyobaki nikapaka breki, zisipige kelele mbele ya mkaguzi. Nimejisifu kidogo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwisha. Asubuhi mafuta yameganda meupe kama mshumaa. Gurudumu halitoki hapo lilipo. Na mbwa! Mbwa wote wa Daraja Mbili wako uani kwangu, mmoja analamba cheni kafumba macho. Anneth anauliza kwa sauti kama tumechinja na hatukumwalika.

Mchana Yeyo akafika, kaja kuona mwanae akipata kazi. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ilichelewa. Alikuwa ananusa. Akaenda mpaka kwenye pikipiki, akagusa cheni kwa kidole, akakitazama.

"Huyu ni kondoo wangu," akasema. "Yule wa sikio fupi."

Akasema tena, polepole, "Kumbe hukunywa." Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Amembeba Sinyati, amekaa anaangalia ile cheni kama anaangalia maiti.

Jumamosi, 12 Julai

Pikipiki ya mume wa Anneth iliwaka mara moja. Yangu, betri nimeirudisha alfajiri, nayo ikawaka! Mara moja! Nikapiga vigelegele, Yeyo akapiga, hata Sinyati akapiga makofi. Nilimwona Eliamini kabisa, anashuka stendi na begi lake.

Mzee Elinami akapanda kuijaribu. Injini ikapata moto, mafuta yakayeyuka, gurudumu likaachia, yakamrukia suruali mpaka kiunoni. Akakanyaga breki. Breki gani! Akapita katikati ya nguo za Anneth kwenye kamba, akatokea upande wa pili na shuka kichwani, akasimama kwenye sukuma wiki. Mbwa nyuma yake.

Hakuumia. Akajifuta, akaniuliza, "Binti, hii ni pikipiki au supu?"

Anneth alicheka mpaka akakaa chini. Mumewe kapata nafasi.

Mimi nililia, sikuweza kujizuia. Nadhani mzee alinihurumia. Akasema iko nafasi moja ya mwisho, atarudi Jumamosi ijayo, lakini ishikwe na fundi wa kweli. Alilisema mara tatu. Fundi wa kweli.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwambia Eliamini kwenye simu. Akauliza tu kama Sinyati anaweza kusema baba. Nikasema ndiyo.

Ni kweli anasema. Anaiambia pikipiki.

Jumatatu, 14 Julai

Ebenezer mwenyewe kaja, habari zimemfikia. Aliimba kwaya moja na Eliamini, kwa hiyo ataitengeneza bure kesho. Kaniomba kwa jina la Yesu nisiguse kitu chochote. Maneno mazuri sana. Nimemshukuru, nikamwambia asije. Mtu wa bure ana lake jambo!

Shida ni mafuta tu, na mafuta yanatolewa kwa maji ya moto na sabuni, kila mama anajua. Nimefungua injini ubavuni, nimeosha ndani kote, nimesuuza mara mbili. Imetakata kama sufuria ya Krismasi. Nimeifunga. Zimebaki nati nne. Hazinitishi. Wazungu huweka za akiba, kama kile kifungo kinachoshonwa ndani ya shati la mtumba.

Yeyo ananiita kutoka uani, kashika simu, ni Eliamini. Nitamwambia aanze kufungasha nguo zake, maana injini imepona kabisa.