Ubongo Rasmi wa Taifa

Idara ya Vipimo vya Ubongo, makao makuu Chiang Mai, ina furaha kuutangazia umma kwamba taifa sasa lina ubongo rasmi. Bongo nyingine zote zitapimwa kwa kulinganishwa na huo.

Naeleza haya kwa mamlaka niliyopewa kama Naibu Mkuu wa Itifaki. Mashine yetu ya MRI, ya kupima ndani ya kichwa kwa sumaku, si zile za kupiga picha tu, daktari akazitazama na kuguna. Yetu inatoa tarakimu: maji kiasi gani, mafuta kiasi gani, chuma kiasi gani, kila pembe ya kichwa. Tarakimu zinahitaji kipimo mama, na kipimo mama tulikuwa nacho tayari, juu ya shingo ya Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Thanakrit. Hatukuona haja ya kutafuta kwingine.

Tatizo lilikuwa mtaalamu wa mashine, Orathai, mwanamke wa mkataba asiyejua kufunga mdomo.

"Kaka, ile poda nyeusi ya utosini aioshe kwanza," alininong'oneza. "Ina chuma. Itatuvurugia vipimo."

"Poda gani?"

"Usinichezee, kaka. Mzee ana upara, hata paka wa kantini anajua."

"Mheshimiwa ana nywele," nilimjibu. "Zimo kwenye picha rasmi."

Isitoshe, kwetu kichwa cha mkubwa hakiguswi. Alipolala kwenye mashine, sote tulitambaa kwa magoti ili kichwa cha mtu kisiwe juu ya chake. Matokeo yakatoka, chuma kimefurika. Kamati ya Tafsiri ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba huo ni uthabiti wa uongozi.

Basi kikawa kiwango. Watumishi wote wakapimwa, na wote wakakutwa na upungufu wa chuma. Wenye busara waliomba radhi. Orathai hakuomba, nami nikamwandikia barua: mkataba wake unakoma mwisho wa Aprili kwa sababu ya ubongo usiokidhi viwango.

"Kaka, mama yangu yuko kitandani," alisema. "Mshahara huu ndio dawa zake. Nifukuzwe kwa ajili ya poda?"

Nilimhurumia, nasema kweli. Lakini tarakimu ni tarakimu.

Nakala ya vipimo vya Mheshimiwa ilikwenda wizarani Bangkok, kama taratibu zinavyotaka. Bahati mbaya huko kuna watu wanaosoma. Walijibu kwa heshima zote kwamba chuma ubongoni huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na kwa kiasi kile Mheshimiwa alikuwa na miaka mia mbili na ushee. Vipimo vya taifa havikatiwi rufaa. Kanuni hiyo Mheshimiwa aliitia saini mwenyewe. Kwa hiyo alitambuliwa kuwa mzee kuliko wazee wote nchini, na Waziri akaahidi kuja mwenyewe kumpa heshima ya mwaka mpya, Songkran, katikati ya Aprili.

Tulifurahi mno. Viti nilivipanga kwa mkono wangu. Mheshimiwa aliketi ndani ya sare nyeupe ya sherehe, nasi tukapiga magoti, tukammwagia maji ya manukato mikononi. Kisha tukangoja. Huku kaskazini mzee huchota maji hayo akajipaka kichwani. Asipofanya hivyo, amewanyima wanawe baraka.

Mheshimiwa aliyatazama maji. Akajigusa utosini kwa ncha ya kidole kimoja.

"Jamani, babu!" Waziri alilalamika. "Miaka mia mbili yote, baraka ndiyo hiyo tu?"

Agizo la Waziri ni agizo. Mheshimiwa akachota kwa viganja viwili. Maji yalishuka meusi, yakapita kwenye nyusi, yakaingia kwenye kola. Sote tuliinamisha macho kwa adabu, isipokuwa Orathai, aliyesogea kwa magoti akiwa na taulo.

"Binti," Mheshimiwa alimnong'oneza, "ukinipima sasa hivi nitakuwa na miaka mingapi?"

"Ile ile ya kwenye kitambulisho, Mheshimiwa. Ila mimi siruhusiwi kukupima. Ubongo wangu haukidhi viwango," alijibu Orathai, bila kunong'ona.

Waziri aligeuka kumtazama Mheshimiwa.

"Unakidhi," alisema Mheshimiwa haraka. "Unakidhi sana, mwanangu." Maji meusi yalikuwa bado yanamdondokea kwenye nishani.