Jina la Mavyaa Kwenye Kufuli la Herufi

Mwanahawa na Tunu, wenzangu,

Leo sina uso. Sijui kesho nitashika njia gani kwenda sokoni, maana kila njia ya Bagamoyo ina mtu, na kila mtu keshasikia. Naandika kwa mashine ya chapa niliyoiazima ofisini, kaboni katikati, ili nyote wawili mpate sawasawa. Sitaki mmoja akipate kisa hiki kwa mdomo wa mwenzake kikiwa kimetiwa chumvi. Chumvi iliyomo inatosha.

Mnajua nilivyohangaika. Kidato cha nne nimemaliza. Cheti cha kutoboa kadi za kompyuta tulikipata pamoja, chumba kimoja, na mimi ndiye niliyekuwa na kasi kuliko ninyi (kataeni). Nimepiga hodi ofisi ngapi? Swali la kwanza la kila meneja si "Unajua nini?" Ni "Una mtoto?" Ukisema ndiyo, kalamu inawekwa chini. "Tutakujulisha." Mwanamume asiyejua kadi inaingia mashinini kwa upande gani anaitwa kijana mwenye mwelekeo. Mimi naitwa mama. Basi ofisi hii ya korosho iliponichukua kwa majaribio, niliing'ang'ania kwa meno.

Lakini Zuhura ana miezi sita na ananyonya, na baba yake yuko kazini Mtwara. Ndipo mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alipoyaacha mananasi yake Kiwangwa akaja mjini kunishikia mtoto. Kila siku saa nne huniletea mtoto ofisini, namnyonyesha, wanarudi nyumbani. Bila yeye mimi sina kazi. Hilo lishikeni.

Kazi yenyewe ni kuwatoboa wakulima: jina, kijiji, kilo za korosho. Kadi zikimalizika zinaingia kwenye sanduku la chuma, sanduku linapanda Landrova hadi Dar, na huko zinasomwa na kompyuta. Watu hapa wanaamini kompyuta ina akili. Haina. Ina utii. Inasomewa kwanza kadi za maagizo, ndiyo programu yenyewe, kisha inatenda ilivyoambiwa. Ukiiagiza upuuzi itafanya upuuzi, tena haraka kuliko karani yeyote. Kwa hiyo asiingie mtu na kidole chake humo sandukuni! Kadi moja ikibadilishwa, mzee wa watu Kiwangwa anaambiwa hakuleta hata gunia.

Sasa kufuli. Halina ufunguo. Lina pete tano zenye herufi, unazizungusha hadi neno likae sawa, linafunguka. Nilipofika, neno lilikuwa UHURU. Alilichagua meneja wetu, Ndugu Salehe. Dereva alilijua. Tarishi alilijua. Muuza kahawa alilijua! Nikamwambia meneja mbele ya watu (nina mdomo, mnanijua): "Ndugu Meneja, hii si siri, hii ni salamu." Akanuna. Akasema basi kama mimi ni mjuzi nichague langu, na likileta matatizo nitabeba mwenyewe.

Nikafikiri usiku na mchana. Neno zuri la siri ni lipi? Nikajiambia, ni lile ambalo haliwezi kunitoka kinywani hata nikiwa na homa, hata nikilewa usingizi, hata nikichapwa. Na neno hilo ninalo. Ni jina la mavyaa wangu.

Mavyaa ni Mkwere, na kwao mkaza mwana, mke wa mtoto, hamtaji mavyaa jina; hata kwetu mjini kumtaja ni kukosa adabu. Tangu niolewe sijawahi kulitamka. Namwita mama. Na jina lenyewe lina herufi tano barabara! Nilijiona fundi wa mafundi.

Kule Dar nilimwambia mtu mmoja tu, dada wa mashine anayepokea sanduku letu. Tena sikumwambia, nilimwandikia kiganjani, akafuta kwa mate. Nikaongeza na sheria juu: ikitokea dharura, neno litolewe na mtoboa kadi mwenyewe, kwa sauti yake, si kwa kinywa cha mwingine. Ndugu Salehe alitia sahihi huku akicheka. (Sheria hiyo niliitunga mimi. Kwa akili zangu timamu.)

Leo asubuhi, saa nne imepita kidogo, nimekaa nanyonyesha, mavyaa yuko kwenye benchi pembeni yangu. Simu ikalia. Dada wa simu pale posta akasema Dar wananitaka. Akaingia kwenye laini mwanamume nisiyemjua.

"Ndugu, yule dada wa mashine amekwenda kujifungua. Sanduku lenu liko hapa, kufuli hatulijui. Zamu yenu kwenye kompyuta inakwisha saa sita."

"Vunjeni."

"Fundi hayupo. Na zamu ikipita, ni mwezi ujao."

Mwezi ujao! Wakulima wote wa Kiwangwa wangoje malipo mwezi mzima kwa ajili ya kinywa changu. Ndugu Salehe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Akasema taratibu, kama mtu aliyeingoja siku hii: "Mtaalamu. Saa sita ikipita, usihangaike kurudi Jumatatu. Nina mpwa wangu anatafuta kazi."

Nikamwambia yule wa Dar, "Nitamwandikia meneja, akusomee yeye."

"Hapana, ndugu. Nina sheria hapa mbele yangu. Mtoboa kadi mwenyewe, kwa sauti yake."

Nikamgeukia mavyaa. "Mama, tafadhali, hebu tokeni nje kidogo mtoto apunge upepo."

"Upepo gani na jua lote hili? Si ananyonya?"

"Simu hii ni ya siri, mama."

"Nimwambie nani mimi? Zungumza na mtu wako."

Akajiegemeza ukutani, akakunja mikono. Hakuwa na nia ya kutoka. Na uzi wa simu ni mfupi, na mtoto ameng'ang'ania ziwa. Nikasema basi, nitumie akili. Nitataja herufi mojamoja. Mama hajasoma.

Wenzangu, nilisahau jambo moja. Mavyaa anakwenda kisomo cha watu wazima. Tena mimi mwenyewe ndiye ninayemshika mkono jioni, kwa chaki, nyuma ya mlango wa chumba chetu. Na mtu mzima akianza kisomo anafundishwa nini kwanza? Kuandika jina lake. Herufi anazozijua hapa duniani ni tano tu, na mimi ndizo nilizokuwa ninazitaja.

"C," nikasema.

Mavyaa akainua kichwa.

"H."

Kidole chake kikaanza kuandika pajani, juu ya kanga. Nilikiona. Nilitamani ardhi ipasuke.

"I. K." Nikashusha sauti hadi ikawa mnong'ono. "U."

"Sikusikii!" yule wa Dar akapiga kelele. "Simu inakoroma! Sema neno zima!"

"Nimeshataja herufi!"

"Neno zima, ndugu! Kwa sauti!"

Ndugu Salehe akatazama saa yake. Dada wa simu naye akadakia katikati (kumbe alikuwa anasikiliza!): "Dada, paza sauti, laini ni mbovu."

Nikafumba macho. Nikaliita kwa nguvu zote alizonipa Mungu, hata mtoto akaliachia ziwa:

"CHIKU!"

"Abee!" akaitika mavyaa.

Aliitika kama anavyoitika mtu yeyote aliyeitwa kwa ukali. Kisha akajisikia ameitika. Tukatazamana.

"Chiku nani?" Dar wanauliza.

"Chiku! Chiku!" dada wa simu akawasaidia. "Jamani hamsikii? Anasema Chiku!"

"Ndiyo, limefunguka! Ahsante, ndugu!" Simu ikakatika.

Ndugu Salehe akauliza kwa adabu ya kejeli, "Na huyo Chiku ndiye nani?"

"Ni mimi, baba," mavyaa akasema.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza, wangecheka ningepata pa kujificha. Mavyaa akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Mtoto akaniachia mapajani. Ndugu Salehe akakohoa, akasema haya, sanduku limefunguka, majaribio yamekwisha, Jumatatu niingie kama mtumishi kamili. Nimeingoja kauli hiyo tangu tumalize kozi. Nikaipokea nikiwa na mtoto mapajani na sina wa kumpa.

Nilipofika nyumbani, mavyaa alikuwa anafunga mzigo wake. Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nimekutaja."

"Kutaja si neno," akasema, hakugeuka. "Mtu akimtaja mkwewe kwa hasira analipa kuku, yanakwisha. Wewe hukunitaja. Uliliweka jina langu kwenye chuma, ukalifunga, ukalipeleka Dar. Mara ngapi?"

"Kila mwezi, mama."

"Kwetu, mtu anayefunga jina la mwenziwe unajua anaitwaje?"

Nilijua. Sikulisema. Nimekwisha kusema mengi kwa siku moja.

Akakaa kitandani, akajishika goti. "Nami nikashangaa goti hili. Tangu nije mjini halikunjiki. Nikadhani ni maji ya hapa."

Hapo hasira ikanipanda, wenzangu, siwafichi. Nimehitimu, nimetafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha, nimeipata, na sasa niambiwe mchawi wa goti! Nikasema kwa ukali kuliko inavyofaa mtu aliyepiga magoti:

"Mama, nililiweka hilo kwa sababu nilitafuta neno zito kuliko yote kinywani mwangu. Sikupata jingine. Ofisi nzima ile hakuna ninachokiogopa kama jina lako."

Akanigeukia. Kisha akauliza, "Hata meneja?"

"Meneja namtaja hata chooni."

Akalitazama lile fundo la mzigo wake. Nikasikia jirani anatwanga, nikasikia Zuhura anakohoa begani mwangu. Nilikuwa nahesabu moyoni: Jumatatu, Jumanne, nani atamshika, nani.

"Na sasa mmeweka nani humo?"

"Hakuna bado. Nitachagua neno jipya Jumatatu, sanduku likirudi."

"Mweke mke mwenzangu."

Nikadhani sikusikia. Huyo mke mwenza wake yuko Kiwangwa, bado wanagombea mpaka wa shamba tangu baba mkwe afariki. Jina lake silitaji.

"Mama?"

"Naye ni mkweo vilevile. Humtaji. Kufuli lako litakuwa salama." Akanyoosha mikono. "Lete mtoto."

Nikampa. Alimpokea, akamweka begani, akampigapiga mgongo. Mimi nilihesabu herufi kwa vidole, nyuma ya mgongo wangu.

"Mama, jina lake ni herufi sita. Kufuli lina pete tano. Haenei."

Hakusita hata kidogo.

"Mkate mkia."

Sasa amelala na mtoto kifuani, mzigo bado haujafunguliwa, umekaa pale mlangoni unanitazama. Sitaki kujua goti la mtu wa Kiwangwa litakuwaje mwezi ujao. Najua mimi ni msomi, na najua Jumatatu nitafanya nini na zile pete. Ninyi mnaochagua maneno ya siri huko mliko, msinicheke, chagueni lile ambalo siku likipigiwa kelele kwenye simu mbovu bado mtabaki na mtu wa kuwashikia mtoto.