Zakuska Iliyomo Kwenye Diski

Jumatatu, 4 Novemba
Jumamosi ni arobaini ya mke wangu, Aglaia. Siku hiyo vitu vya marehemu hugawiwa majirani. Aliusia kompyuta yake apewe Zenovia wa ghorofa ya tatu. Zenovia! Miaka ishirini anaiwinda zakuska ya Aglaia, rojo lile la biringanya na pilipili hoho za kuchoma. Maelekezo yamo humo. Hayapati ng'o! Nimetupa mafaili yote kwenye pipa la taka la kompyuta, nikalimwaga. Dakika nne tu. Mjanja mimi!

Jumanne, 5 Novemba
Nimekutana na Zenovia kwenye ngazi. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, kama faili likimwagwa limekwisha. Akacheka. Alifanya kazi chumba cha kompyuta cha reli miaka thelathini. Kumwaga pipa, akasema, ni kung'oa kibao cha jina mlangoni. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Dawa ni kuandika sifuri juu ya diski nzima. Na nimwambie huyo rafiki yangu kakosea vifungo vya koti.
Aglaia alikuwa akinikagua mlangoni.

Jumatano, 6 Novemba
Sumaku ya friji, ile yenye chura, aliyonunua Aglaia kule pwani, mjini Konstanta. Sumaku hufuta diski, wanasema. Nimeisugua kwenye kompyuta saa nzima. Kompyuta imewaka vizuri. Chura kabanduka.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimepata programu ya sifuri. Imefanya kazi tangu asubuhi. Ilipofika asilimia tisini nikakumbuka: mimi mwenyewe sijawahi kuyasoma maelekezo! Kabatini imebaki chupa moja tu ya zakuska yake. Nikachomoa waya. Nimekaa sakafuni. Ee Aglaia, mumeo punda.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemkabidhi Zenovia kompyuta, taulo na mshumaa juu yake, kama ipasavyo kwa vitu vya marehemu. Sikuweza kumtazama. Baada ya saa moja akagonga mlango. Kompyuta ina diski mbili, akasema. Niliyoifuta ni yangu: picha za uvuvi, na barua kumi na saba za kumshtaki yeye kwa kamati ya jengo. Kwenye ya Aglaia nilikuwa nimeng'oa kibao tu. Ameshakirudisha. Akanisomea faili la zakuska. Linaanza hivi: "Zenovia, mume wangu Trifan usimpe, ataunguza jengo. Wewe mpikie."

Jumapili, 10 Novemba
Amepika. Ni yenyewe! Nikalia kidogo, nikasingizia moshi. Nikamwambia imepungua chumvi. Haikupungua.
Kumbe amenakili maelekezo kwenye flashi, ampelekee dada yake aliyeko mjini Galati. Dada yake! Thubutu. Kesho naazima sumaku kubwa zaidi.