Sauti ya Kupikwa

Jumatatu, 3 Agosti

Albamu ya Nicolaus imetoka. Inaitwa *Mawingu ya Umeme*. Nyimbo kumi na mbili. Kumi na mbili! Mtu mwenye haya angetoa mbili, akae pembeni asikilize lawama.

Nimeisikia yote, na si kwa kupenda. Mke wangu Mashavu ameifungulia kwenye simu tangu alfajiri akikanda unga wa maandazi. Kila wimbo ni ule ule. Ngoma dum dum dum, kinanda kinapanda, kinapanda, kinanyamaza mpaka unadhani umeme umekatika, halafu puu! Kila kitu kinarudi kwa pamoja na Mashavu anarusha mabega. Juu ya hayo yote, sauti ya Nicolaus, imepitishwa kwenye kompyuta mpaka haina pua wala koo. Mbu ndani ya pipa. Neno "njoo" nimelihesabu mara arobaini na moja. Aje nani? Aje wapi? Hasemi.

Mimi Isihaka nimeimba harusi za Korogwe na Handeni miaka kumi na minne, kwa koo nililozaliwa nalo. Nikamuuliza Mashavu anapenda nini pale. Akasema akisikiliza anajisikia anapaa. Miaka tisa ya ndoa, kwangu hajapaa hata siku moja!

Jioni amepiga simu Mzee Awadhi wa Mazingara. Nimeimba harusi za watoto wake watano wakubwa. Amebaki kitindamimba, Yusra, anaolewa tarehe kumi na tano. Kanzu nilishaichagua. Mzee akasema bibi harusi anamtaka Nicolaus. Akasema nisijali, hawajanisahau, spika nilete mimi.

Harusi ile ikiimbwa na mwingine, nimekwisha. Watu wa Handeni yote watakuwepo na hakuna atakayeniita tena. Nimekubali kuleta spika. Nina mpango.

Jumatano, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Kama watu wanataka sauti ya kupikwa, basi na mimi nipikwe. Nimeenda studio kwa Abraham, kile chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme, alikorekodi Nicolaus. Nimevaa kofia na miwani ya jua ili nisijulikane. Abraham akanisalimia kwa jina.

Akanieleza kazi ya ile mashine. Ukiimba karibu na noti, yenyewe inakuvuta mpaka uwe juu yake, huchepuki. Nikamwambia kwangu haitakuwa na cha kuvuta, aweke kidogo tu, kama chumvi. Nikaimba wimbo wangu "Mke Mwema", beti tatu. Abraham akavua vile vya masikioni, akavitazama kama vimeharibika. Akasema kwa upole kwamba mashine inapenda kujua mtu anaelekea wapi. Mimi nilikuwa katikati ya noti mbili, umbali sawasawa, ikashindwa kuamua.

Chuki hiyo. Ni rafiki wa Nicolaus.

Nimempigia Mashavu ile rekodi bila kumwambia ni nani. Akauliza mgonjwa amelazwa wodi gani.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango wa pili: ukweli mtupu. Baada ya swala nimekaa kwenye kahawa, nikawapasulia watu siri kwamba Nicolaus hajui kuimba, ile ni kompyuta. Wakanitazama. Sabiri kinyozi akasema wanajua. Wanajua wote! Akasema hata yeye nywele hanyoi kwa meno, anatumia mashine, na mbona sijawahi kulalamika. Mmoja akaagiza kahawa nyingine na kufungulia wimbo wa saba.

Naondoka kwa hasira, uso kwa uso na Nicolaus mwenyewe. Akanipa shikamoo. Shikamoo! Nimemzidi miaka tisa tu. Akasema alipokuwa shule ya msingi alikuwa akichungulia kwenye harusi anisikilize mimi, ndipo akapenda kuimba. Ujanja wa kunizeesha mbele za watu. Nikamwitikia marahaba, nikapita.

Jumapili, 16 Agosti

Jana sikuwa na nguvu ya kuandika. Naandika leo.

Mazingara palijaa. Watu mpaka juu ya trekta. Spika nilizifunga kwa mikono yangu. Abraham alikaa pembeni na kompyuta yake. Maiki ya Nicolaus ilipitia kwenye kiboksi cheusi, ndicho kinachompika. Nilikijua kwa kukiona tu. Wimbo wa pili, kinanda kikapanda, kikapanda, kikanyamaza, watu wote mikono juu. Nikachomoa waya wa kiboksi. Maiki nikaiunganisha moja kwa moja kwenye spika.

Ikatoka sauti yake yenyewe. Nyembamba, ya kukwaruza, jogoo anayejifunza. Uwanja ukaganda. Yusra akajifunika uso kwa mtandio. Ah, kimya kile! Nilikingoja siku kumi na mbili. Nikashika maiki ya pili. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima kabisa, lakini wivu ulishanifika kooni.

"Mmemsikia? Nicolaus, babu yako alitembea kwa miguu kutoka Unyamwezi mpaka huku kuja kukata mkonge, na njia nzima hakuimba, maana alijua ukoo wenu hauna sauti!"

Vikalipuka vigelegele.

Vigelegele! Bibi Chausiku, dada yake Mzee Awadhi, aliyeshinda mkekani akilalamikia goti, akainuka bila kukumbuka goti. Akatangaza kwamba mtani amefika, sasa ndiyo harusi. Mimi Mzigua, Nicolaus Mnyamwezi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, wanatukanana hadharani na kununa hairuhusiwi. Najua. Nani hajui? Lakini yule amezaliwa hapa hapa Korogwe, anaongea kama sisi, hakuna anayemfikiria Unyamwezi. Katika matusi yote ya duniani, mimi nikachagua hilo hilo lililo halali!

Nicolaus alikuwa karibu kulia. Uso ukamrudi. Akajibu kwamba babu yake alipofika aliwakuta Wazigua wamelala, wanangoja ugali ujisonge wenyewe. Watu hoi. Nikawaambia sitanii, nina hasira kweli. Wakazidi kucheka. Nikanuna. Bibi Chausiku akanitoza faini ya kuku kwa kumnunia mtani. Kuku nimemlipa. Halafu Abraham akarudisha waya mahali pake na watu wote wakapaa, pamoja na trekta.

Alhamisi, 20 Agosti

Kumbe Abraham alikuwa anarekodi. Wimbo wa kumi na tatu umeongezwa kwenye albamu. "Babu Yako", Nicolaus akimshirikisha Mtani. Mtani ndiye mimi. Waliniomba ruhusa, nikatoa haraka, nikijua watu sasa watasikia koo halisi. Wamenipitisha kwenye mashine. Nikiwa natukana, inaonekana mashine inajua ninakoelekea. Babu yako, yako, yako, ya-ya-ya, kinanda kinapanda, kinapanda, kinanyamaza, "hauna sauti!", puu!

Unapigwa kila mahali. Stendi, mashine za kusaga, bodaboda. Mashavu ameurudia mara nne, macho amefumba. Nikamuuliza kama anapaa. Akasema sana. Nikamkumbusha ni mimi yule. Akafumbua macho, akanitazama vizuri, akasema anajua, ila yule ana sauti.

Nicolaus amekuja nyumbani na mkungu wa ndizi. Anaomba tuzunguke wote Handeni, niwe namtukana kila mwisho wa wiki. Nimekubali kwa shingo upande. Jina langu limerudi, hilo ndilo nililolitaka.

Jumapili, 30 Agosti

Jana tulikuwa Handeni mjini. Watu walikuwa wanapiga kelele: Mtani! Mtani! Nilipopanda jukwaani machozi yalinilengalenga. Nikaona niwape kwanza "Mke Mwema", kwa koo langu, bila mashine, wamjue mtu wanayemshangilia. Ubeti wa kwanza walivumilia. Katikati ya wa pili mama mmoja wa mbele akanivuta suruali, akasema kwa huruma:

"Mwanangu, teremka. Tunamngoja Mtani."

Nikamwambia Mtani ni mimi. Akasema Mtani anamjua, amemsikiliza wiki nzima, na sauti yake haifanani na yangu hata chembe. Akanisihi niache kumuiga, siwezi. Nikateremka. Abraham akabonyeza kompyuta, sauti ikatoka, mikono yote juu. Mimi nimesimama pale pale kando ya spika. Hakuna aliyenitazama.

Leo nimeshinda ndani nikiwaza, na mwisho nimeelewa. Nicolaus hana kosa. Kijana wa watu, ana adabu, maamkizi yake mazuri. Nilikuwa napigana na mtu asiyehusika. Ni huyu Mtani! Anajiona nani? Ametokea juzi tu, amenichukulia harusi zangu, na mke wangu anamsikiliza amefumba macho. Na siri yake naijua mimi: hajui kuimba, ile ni kompyuta.

Jumamosi tunapiga Mkata. Nitamuumbua mbele za watu wote.