Kiharusi cha Msimamizi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Siku mbaya kabisa. Mvua tangu alfajiri, tope la mtaa wetu wa Gumbo limeingia mpaka kwenye soksi, halafu hili! Sista Natalina, mkuu wa kituo chetu cha afya, alituita wahudumu wote akatangaza kwamba vyeti vyetu vya zamani havitoshi tena. Umekuja utaratibu mpya wa sifa za wahudumu wa afya na jamii. Kila mtu atatahiniwa upya, tena kwa vitendo: kumwogesha mgonjwa kitandani, kumgeuza, kumlisha, kumsikiliza. Ambaye hakusoma lakini kazi anaijua, atapewa cheti. Mwenye cheti ambaye kazi haijui, pole yake.

Nikanyoosha mkono. Nikasema huku ni kuidharau elimu. Mimi nimesoma Kampala, cheti changu kina muhuri wa rangi mbili. Watu watapewaje cheti eti kwa sababu wanaijua kazi? Dunia inakwenda wapi! Hakuna aliyepiga makofi.

Nikaona nimkumbushe kwamba anazungumza na Gaetano, msimamizi wa wahudumu, mwenye pikipiki ya kituo. Natalina akasema ndiyo maana nitatangulia mimi. Nikianguka, usimamizi na pikipiki vinakwenda kwa atakayefanya vizuri kuliko wote.

Teresina akatabasamu. Huyu mwanamke alikulia ukimbizini Adjumani, Uganda, akarudi hapa Juba na maneno ya nchi mbili mdomoni. Hana cheti hata kimoja. Anakitaka kiti changu, na hata hafichi.

Sijamshika mgonjwa tangu nipewe pikipiki. Kwani kosa? Kazi ya msimamizi ni kusimamia. Tena beseni la mgonjwa linanipa kizunguzungu, hilo ni suala la kitabibu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango mzuri! Mtahini hatahiniwi. Kwa hiyo lazima niwe mtahini.

Nimemfuata Bwana Ezbon, mtahini mwenyewe, kwenye nyumba ya wageni anakokaa karibu na uwanja wa ndege. Mtu mpole, miwani minene. Nilimpelekea kuku wa kuchoma. Nikamweleza kwamba mageuzi makubwa kama haya yanahitaji mtu wa ndani, mzoefu, wa kukaa upande wake wa meza. Akasikiliza kwa heshima zote huku akila. Akasema amefurahi kukutana na msimamizi mwenye moyo wa mageuzi. Akasema hajapata kuona mtu mwenye hamu ya mtihani namna hii, na kwa hiyo, kunifurahisha, mtihani wangu ameuvuta mbele. Alhamisi asubuhi.

Kuku alikuwa mkubwa sana.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeugua kiharusi.

Nilikifikiria njia nzima nikivuka daraja. Mgonjwa hatahiniwi, hilo hata Ezbon hawezi kulipinga. Nikachagua upande wa kulia wote, mkono na mguu. Na mdomo pia, ili nisiulizwe maswali nikajichanganya. Nilimweleza mke wangu Sanyu, ambaye anauza chapati soko la Custom. Akageuza chapati yake kwanza. Halafu akasema, "Gaetano, wewe iko na akili mingi, lakini hiyo akili inatembea bila viatu." Nilikuwa nimeshaanza kuanguka.

Nilianguka vizuri, mbele ya kibanda chake, saa ambayo soko limejaa. Vilio! Waendesha boda wakaniinua wakanipeleka nyumbani juu juu. Wauza nyanya waliacha nyanya zao. Natalina akaja mbio na mashine yake, akapima presha, akakuta presha ya kijana. Akapima tena. Akasema nipumzike nyumbani, na isipokuwa nafuu kufika Jumamosi, nipelekwe hospitali.

Sasa nimelala kama mfalme. Tatizo ni wageni. Nilisahau kwamba kwetu sisi mgonjwa haachwi peke yake hata kidogo. Akina mama wa kanisa wametandika mikeka mpaka mlangoni. Wanaimba. Wamebeba maji, kuni, unga, ndizi za kupika kutoka kwa mtu wa Masaka nisiyemjua hata jina. Mchungaji Kato amenishika kichwa akaomba mpaka fulana yake ikalowa. Mama mmoja anayeuza dagaa, ambaye tulishawahi kugombana vibaya, amekaa miguuni pangu akilia kimyakimya. Niliona aibu. Kweli niliona aibu, machozi yakanitoka jicho la kushoto. Wote wakasema ni dalili njema.

Naandika chini ya shuka. Sanyu amewatoa nje kwa kisingizio cha kunikanda. Pua inaniwasha tangu mchana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hatari, halafu furaha, halafu furaha zaidi!

Bwana Ezbon amekuja kunijulia hali, na Natalina nyuma yake. Akasikitika kwa dhati. Akasema hawezi kunitahini katika hali hii. Moyo ukaruka! Kisha akatazama chumba: kitanda, mikeka, akina mama, sufuria. Akavua miwani akaifuta. Akasema utaratibu mpya unataka wahudumu watahiniwe nyumbani kwa mgonjwa, katikati ya jamaa zake, siyo darasani na mwanasesere. Na hapa Mungu amewaletea mgonjwa anayeielewa kazi yenyewe. Akamwomba Sanyu ruhusa. Mke wangu, mtu niliyemuoa kanisani, akasema karibuni sana.

Kwa hiyo kesho mtihani ni juu yangu. Juu ya mwili wangu!

Lakini subiri. Ezbon akaendelea kuwaeleza wahudumu waliojaa mlangoni, Teresina akiwa wa kwanza. Akasema zamani tulimuuliza mwalimu kama mhudumu anafaa. Siku hizi tunamuuliza mgonjwa. Mgonjwa asiporidhika, mhudumu hapiti. Hata amfanyie nini.

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nikakumbuka nimefunga mdomo. Ah, Gaetano! Kwa nini ulichagua na mdomo? Nikaanza kutetemeka kwa uchungu, wakanifunika blanketi la pili.

Ezbon ni mtu mwenye huruma. Akasema mgonjwa asiyeweza kusema hatanyimwa haki yake. Mhudumu atamshika mkono. Mgonjwa akiuminya mara moja, ameridhika. Akiuminya mara mbili, hakuridhika.

Mara mbili! Nitauminya mpaka mifupa ilie. Teresina kwisha habari yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa. Hakuna haja tena ya shuka.

Wengine walipita vizuri. Wapole, mikono ya joto, nikawaminya mara moja moja kwa mkono wangu mzima, kwa haki. Mimi si mtu mbaya. Kisha akaingia Teresina.

Aliinama sikioni pangu akanong'ona, akiniita kama mwalimu wake, "Ustaz, mimi najua." Nikahisi baridi. Halafu baridi yenyewe ikaja, kwa sababu maji ya kuniogesha aliyapima kwa kiwiko mbele ya Ezbon, yakiwa ya uvuguvugu, akaanza kueleza kwa kirefu umuhimu wa kumweleza mgonjwa kila hatua, mpaka yakapoa. Akanieleza kila hatua. Sasa nainua mguu, Ustaz. Sasa nasugua kisigino, Ustaz. Akina mama wa kanisa waligeukia ukutani kwa heshima, isipokuwa yule wa dagaa. Akanigeuza kulia. Akanigeuza kushoto. Akasema mgonjwa asipogeuzwa anapata vidonda, akanigeuza tena. Nikakodoa macho kumtisha. Akamwambia Ezbon kwamba mgonjwa yuko macho na anafuatilia vizuri.

Chakula. Kila mtu kituoni anajua kwamba Gaetano hali bamia. Ule utelezi! Teresina alileta bakuli zima, bamia na asida, ugali wetu wa huku, akanilisha kijiko kwa kijiko, akinifuta kidevu, akisema vitu laini ndivyo salama kwa mtu wa kiharusi. Ezbon akatikisa kichwa kukubali. Nikameza. Nikameza nikijiambia, Gaetano, vumilia, dakika yako inakuja.

Ikaja! Ezbon akamwambia amshike mgonjwa mkono, tusikie mgonjwa mwenyewe anasemaje. Teresina, aliyekuwa amesimama upande wa ukutani, akauchukua mkono ulio karibu naye akauweka katikati ya viganja vyake. Nikauminya. Mara mbili! Kwa nguvu zote alizonipa Mungu! Teresina akapiga ukelele. Nikamtazama Ezbon kwa ushindi.

Ezbon alikuwa amesimama, miwani mkononi, mdomo wazi. Akasema, mkono wa kulia.

Ulikuwa wa kulia. Ule uliokufa.

Vigelegele vilitoka ndani vikatoka nje vikafika barabarani. Mkono umeamka! Mchungaji Kato akapiga magoti akisema ni maombi ya Jumatano. Ezbon akamjibu kwa adabu kwamba maombi anayaheshimu, lakini yeye ameona kwa macho yake mgonjwa akigeuzwa, akiogeshwa, akilishwa, na mkono ukapata uhai ukiwa mikononi mwa mhudumu. Wakabishana juu yangu kana kwamba sipo. Nikataka kueleza kuhusu ile mara mbili, maana yake nini. Lakini ningeeleza kwa mdomo gani?

Teresina ndiye aliyewakatisha. Akasema kama mkono umeamka, basi tujaribu na mdomo. Akachota bamia. Kijiko kilichojaa, kinaning'inia.

"Basi!" nikasema. "Basi, jamani! Toa hiyo kitu!"

Mama wa dagaa akazimia kwa furaha. Teresina akampepea vizuri sana, na Ezbon akampa alama za huduma ya kwanza pia.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nimetoa ushuhuda. Ningefanyaje? Mchungaji alikuwa ameshatangaza muujiza kwenye spika ya soko. Nilipanda mbele, nikatembea kwenda na kurudi mara kadhaa kama nilivyoombwa, nikainua mkono, watu wakalia. Niliongea vizuri, nakiri. Mwishoni kidogo niamini mwenyewe.

Ezbon alikuwepo. Aliniambia nje kwamba Teresina amepata alama za juu kuliko wote, na kwamba hajawahi kuona mgonjwa anayemfunza mhudumu kiasi kile. Natalina alikuwa pembeni yake. Alikohoa kwenye leso kwa muda mrefu, mabega yakitikisika.

Teresina ameondoka kanisani na pikipiki. Amevaa jaketi langu la kung'aa, lile la msimamizi, limemkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Iliniuma. Sitasema uongo kwenye daftari langu, iliniuma sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kazini kwa miguu. Msimamizi mpya alinipokea kwa heshima zote, akaniita Ustaz mbele ya wote, akanikabidhi beseni. Natalina akanikumbusha kwamba kwa kuwa nimepona kabisa, mtihani wangu sasa ni Jumatano, nyumbani kwa babu mmoja hapahapa Gumbo. Nikifaulu nabaki mhudumu. Nikianguka sibaki na chochote. Teresina amejitolea kunifundisha leo na kesho jioni, bila kinyongo, jinsi ya kupima maji kwa kiwiko. Nimemwambia asante, nina shughuli.

Nimekaa nikachunguza kwa utulivu wapi nilikosea, maana mtu mzima hujifunza. Kosa halikuwa kuumwa. Kuumwa kulikwenda vizuri, kanisa zima ni shahidi. Kosa ni kwamba niliumwa mahali pengi mno. Mkono, mguu, na mdomo juu yake! Ile ilikuwa tamaa. Mtu makini huumwa mahali pamoja, mikono na mdomo vikabaki huru kumtetea.

Kesho mchana, Custom, soko likijaa, nitaanguka tena. Mguu tu. Sanyu ameuliza mguu upi. Nimemwambia hayo ni mambo madogo, nitaamua nikishaanguka.